Kifungo Kisichotoka Lhotka

Jumamosi ya kuelekea Pasaka, Soko la Mboga mjini Brno huwa halina pa kutia mguu. Mabibi wa vijijini hupanga mayai ya rangi kwenye vikapu, wauza soseji hugombana na moshi wao wenyewe, na watoto huchapana kwa fimbo za matawi, desturi ya Pasaka, kabla hata siku yenyewe haijafika. Isitoshe, soko limejengwa mteremkoni. Mtu akiangusha kitunguu kule juu, wa kukiokota ni mwingine kule chini.

Hynek Sedláček hakuangusha kitunguu. Alikuwa ametumwa mayai na mama yake, akaja moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli ya bluu imelowa grisi ya lifti mpaka viwikoni. Alitia mkono mfukoni atoe sarafu, akatoa na kitu asichokusudia: kidude cha shaba cha mviringo, ukubwa wa gololi, chenye kishikizo cha pete ndogo juu yake. Kikamponyoka, kikagonga jiwe, kikaanza kuviringika.

"Jamani, inueni miguu!" akapaza sauti.

Nani ainue mguu sokoni? Kidude kikapita chini ya meza ya maua, kikapenya kati ya magurudumu ya kigari cha mtoto, kikashika njia ya chini. Hynek alikifuata ameinama, mfuko wa mayai ameuinua juu kama mtu anayevuka mto. Safari ilikoma kwenye ncha ya buti jekundu la mwanamke.

"Hiki chako?" mwanamke akauliza, mguu wake bado umekizuia.

Alivaa koti la sufu la kijani na skafu ya manjano, na nywele alizikusanya juu ya kichwa akazifunga kwa penseli. Nyuma yake palikuwa na hema la jumba la makumbusho, na mbele ya hema foleni ya watu wenye mifuko, mikebe na ndoo. Ilikuwa siku ya watu wa detekta, wale wanaozunguka mashambani na mashine ya fimbo ndefu inayolia ikipita juu ya chuma. Makumbusho yaliwaita wote waliochimbua vyuma wasivyovijua waje waambiwe ni nini.

"Changu," Hynek akasema akihema. "Nipe tu, dada. Takataka hiyo."

"Takataka mtu haikimbilii namna hii." Akakiokota, akakisugua kwa kidole gumba, akachukua kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake. Kisha akakigeuza polepole upande wa pili.

Mwanamke huyo aliitwa Vendula. Tangu asubuhi alikuwa amemwambia mzee mmoja kwamba mkuki wake wa kale ni ncha ya uzio wa makaburi, na mama mmoja kwamba taji lake ni mkono wa taa ya kuning'inia. Aliwaambia kwa upole, na wote waliondoka wamenuna. Hynek aliona sasa mashavu yake yakianza kuiva.

Aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alichungulia. Huyo alikuwa Olda, mpinzani wa Hynek wa miaka mingi mashambani, mwenye tumbo la bia na masikio ya popo. "Kishikio cha mfuniko wa buli hicho," akatangaza. "Bibi yangu alikuwa nacho."

"Bibi yako alikuwa na miaka elfu moja na mia moja?" Vendula akamuuliza bila kuinua macho. "Hiki ni kifungo. Kifungo cha nguo ya mwanamke, na si mwanamke wa hivihivi. Tazama kilivyochorwa majani. Huvaliwa viwili, hapa na hapa." Akajigusa pande mbili za shingo. Kisha akamtazama Hynek kwa macho yaliyomtoa jasho. "Umekipata wapi?"

Masikio ya Olda yalisimama.

"Lhotka," Hynek akasema. "Shamba la viazisukari nyuma ya kanisa."

Lilimtoka kama chafya. Kijiji hicho cha Lhotka hakuwahi kukikanyaga, isipokuwa siku moja gari lilipopata pancha. Lakini baba yake, aliyemfundisha kazi hii, alimwachia mambo mawili ya kushika maisha yake yote: osha matairi kabla ya kwenda baa, maana udongo unasema ulikotoka, na ukiulizwa mahali, taja pengine. Mtu wa detekta anaweza kukupa koti lake na ufunguo wa nyumba yake. Shamba lake hakupi. Hata mimi ninayesimulia napajua kilipotoka kile kifungo, na sikwambii.

Vendula aliandika Lhotka. "Nipe na namba yako ya simu," akasema. "Kwa ajili ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu za nani?"

"Za serikali, bwana. Usijipendekeze."

Jumanne serikali ilimpigia akiwa juu ya paa la lifti.

"Bwana Sedláček? Nimepima kifungo chako. Ni kizuri kuliko nilivyodhani."

"Na mimi je?"

"Wewe sijakupima. Una vyuma vingine usivyovijua?"

"Nina mikebe imejaa kabati zima. Mama anatishia kuvitupa."

"Lete mkebe mmoja. Tukutane kule kwenye bia nyuma ya kituo cha tramu. Nikikosa kutambua kitu, nalipa mimi. Nikitambua, unalipa wewe."

Majira ya kuchipua yote Hynek alilipa yeye. Alimwaga vitu mezani kati ya glasi, Vendula akavigeuza kwa ncha ya penseli yake, nywele zikimwangukia usoni. Hiki tondoo ya fundi cherehani. Hiki lakiri ya risasi, ilifungia mtumba wa kitambaa. Hiki kichwa cha jogoo ni bomba la pipa. Siku moja Hynek alimpa risasi ya bunduki ya zamani yenye alama za meno. Hiyo alijivunia kuliko zote.

"Askari aliing'ata wakimkata mguu," akasema kwa huzuni. "Nikiishika nasikia uchungu wake."

Vendula aliitazama sana. Mdomo ukaanza kumcheza.

"Nini?"

"Ni nguruwe, mpenzi."

"Nguruwe alikatwa mguu?"

"Nguruwe aliiokota shambani akaitafuna akidhani kokwa. Tazama hili gego. Askari gani ana gego hili?"

Alicheka mpaka penseli ikamtoka nywele zikamwagika, na Hynek, aliyemwomboleza askari yule miaka minane, akajikuta anacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Wote wawili walilisikia neno lile na hakuna aliyeligusa. Wakatoka nje wameshikana mikono, tramu tatu zikapita hawakupanda hata moja.

Mwezi Mei Hynek alipelekwa kwa mama yake Vendula, Bi Drahomíra, mwanamke mwembamba mwenye aproni iliyopigwa pasi. Aliwapakulia supu ya uyoga na viazi, uyoga wa kukaushwa wa mwaka uliopita, na harufu yake ilijaza ghorofa nzima.

"Mama, supu hii," Hynek akasema akifumba macho. "Uyoga unautoa wapi?"

"Msituni."

"Msitu gani, mama?"

"Wenye miti."

Vendula alimkanyaga chini ya meza, anacheka. "Usihangaike. Pale ni pa bibi yangu. Baba mwenyewe alipelekwa wiki ya harusi, tena mama alimzungusha kwanza ili asikariri njia."

"Na bado alikariri," Bi Drahomíra akasema. "Lakini hakumwambia mtu hadi anazikwa. Ndiyo maana namkumbuka." Akamgeukia Hynek. "Na wewe, mwanangu? Nasikia na nyie wa detekta mna siri zenu. Mashamba yako unamwambia nani?"

"Vendula namwambia yote, mama."

Vendula alimtazama kwa mapenzi ya wazi kabisa, na Hynek akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Aliazimia kumweleza wakirudi nyumbani.

Hakumweleza. Wakishuka ngazi Vendula alimshika mkono. "Nilitaka tuwe peke yetu ndipo nikwambie. Tumepata kibali! Tunachimba Lhotka mwezi wa saba, na msimamizi ni mimi. Unajua maana yake? Huu mkataba wangu ni wa muda tu. Mkuu wangu, Dakta Kubíček, amesema nikipata makaburi ya watu wa kale waliovaa vifungo vile, ananipa kazi ya kudumu. Nisipopata, mwisho wa mwaka naaga."

"Vendula, kuhusu Lhotka..."

"Usiseme kitu! Utaniletea nuksi."

Akambusu pale pale ngazini, jirani akipita na mbwa, na maneno yakarudi tumboni alikotaka kuyatoa. Kesho, Hynek akajiambia. Lakini kesho ilikuwa na sura ileile ya furaha, na keshokutwa pia, na kila siku aliyochelewa iliufanya uongo kuwa mzito zaidi kuutua. Mwanzoni alimwogopa Olda. Sasa aliogopa kumpoteza Vendula, na hofu hiyo ndiyo ilikuwa ikimpeleka kumpoteza.

Mwezi wa saba walichimba. Hynek alikwenda kila jioni baada ya kazi, akabeba maji baridi na mikate ya duara yenye jamu ya plamu. Aliketi ukingoni mwa shimo, akamtazama Vendula kavaa kofia ya majani na bukta, magoti meusi, anakwangua udongo kwa mwiko mdogo kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Walipata vifuniko vya chupa, parafujo ya trekta na sufuria isiyo na kitako.

"Labda nimekosea upande," Vendula akasema akijifuta jasho. "Labda ni karibu na kanisa. Wewe ulisimama wapi hasa?"

"Pale," Hynek akasema, akaonyesha kwa kidole mahali popote. Moyo ulimuuma kama jino.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, mchana.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ndani ya shimo la lifti, katikati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nimening'inia kama popo."

"Umejifunga mkanda?"

"Nimejifunga."

"Vizuri. Nataka kukuuliza jambo na sitaki uanguke." Sauti ilikuwa tulivu, na utulivu wenyewe ndio uliomtisha. "Kwenye tundu la kile kishikizo kulibaki udongo kidogo. Mimi udongo situpi, nauweka kwenye kichupa. Leo nimeutazama. Ni mchanga, mwekundu. Lhotka nimechimba hadi kiunoni, ni tope jeusi tupu, hata paka hapati mchanga wa kufukia uchafu wake. Hynek, kifungo kilitoka wapi?"

Kamba za lifti zilitikisika taratibu. Baba yake aliosha matairi maisha yake yote, na yeye alishindwa kuosha kitundu cha kupitisha uzi.

"Si Lhotka," akasema.

"Nilijua. Nilitaka nikusikie ukisema."

"Olda alikuwa pale, Vendula. Lilinitoka tu. Sisi ndivyo tulivyo."

"Siku ile, sawa. Siku ile nilikuwa mgeni kwako, hata mimi ningekudanganya. Lakini umekula mezani kwa mama. Umelala kitandani kwangu. Umekaa ukingoni mwa shimo ukala mkate huku ukinitazama nachimba mahali unapojua hapana kitu. Hilo ndilo nisilolielewa. Nalizungusha kichwani nalitazama kila upande, sijui ni kitu gani."

"Niliogopa utaniacha."

"Basi umepata ulichokiogopa." Akavuta pumzi. "Dakta Kubíček nimemwambia kosa ni langu, nilikusikia vibaya."

"Kwa nini umejibebesha?"

"Kwa sababu akijua ukweli hatampokea tena mtu wa detekta kwenye lile hema. Si kwa ajili yako, usijipe umuhimu. Shuka salama."

Simu ikakatika. Hynek alibaki akining'inia mle ndani mpaka wapangaji walipoanza kugonga milango ya lifti.

Alimpigia, hakupokea. Alimtumia ujumbe wa kumweleza shamba la kweli, akaufuta kabla ya kuutuma. Aliona ni kama kumtupia mtu mfupa mlangoni na kukimbia. Vendula alibebeshwa aibu mbele ya watu, na Hynek alijua kwamba uongo uliosemwa sokoni ungefutwa sokoni tu. Akasubiri.

Hema lilirudi Soko la Mboga mwezi wa tisa, wakati wa zabibu na ule mvinyo mpya unaochemka bado chupani. Foleni ilikuwa ndefu, maana wakulima walikuwa wameshavuna na mashamba yako wazi. Hynek alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyong'aa, mikono mitupu. Olda, aliyesimama nyuma yake na ndoo ya vyuma, alimpima juu hadi chini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado," Hynek akasema.

Mezani aliketi Vendula, skafu ileile ya manjano, uso umepungua kidogo. Kando yake alikuwa mkuu wake, Dakta Kubíček, mtu mfupi asiyependa kupoteza maneno.

"Anayefuata," Vendula akasema, kisha akamwona. Sauti ikawa ya kiofisi. "Bwana Sedláček. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimeleta mahali."

Akageuka ili sauti yake ifike kwa mkuu na kwa foleni nzima.

"Dakta, huyu hakunisikia vibaya. Alinisikia sawasawa. Mimi ndiye niliyemdanganya. Kile kifungo hakikutoka Lhotka hata kidogo. Nilidanganya hapa hapa mbele ya watu, na nasema mbele ya watu. Kilitoka kwenye shamba la..."

Foleni iliacha kupumua. Mtu mmoja alitoa simu, mwingine kalamu. Olda alisahau kutafuna soseji iliyokuwa mdomoni mwake. Miaka yote hakuna aliyewahi kuona mtu akitaja shamba lake mchana kweupe, tena mbele ya foleni ya watu wa detekta.

"...kwenye mteremko wa mchanga, ukipita..."

Vendula aliruka meza. Sanduku la misumari likamwagika, kiti kikaanguka, na kiganja chake kikaziba mdomo wa Hynek kwa nguvu.

"Nyamaza wewe!" akamfokea. "Una wazimu? Hawa kesho alfajiri watakuwa wameshalitoboa lote! Unamtajia Olda?"

"Mwache amalizie, bibie!" Olda akalalamika kwa uchungu wa kweli, na soko likaangua kicheko.

Vendula hakucheka. Wala hakuondoa mkono. Mkono wenyewe ulinuka shaba na sabuni, na Hynek aliyetafuta neno la kuomba msamaha tangu mwezi wa saba akaona kwamba hata angelipata, lisingepita. Akamtazama tu. Macho ya Vendula yalikuwa yamejaa machozi, na alikasirika kuwa yamejaa.

"Nyuma ya hema," Dakta Kubíček akasema. "Wote wawili. Nitaleta ramani."

Shamba lilikuwa pale Hynek alipolionyesha, jekundu na kavu, na plau ilikuwa imeshapita safari nyingi mno. Walichimba kabla baridi haijashika ardhi. Makaburi yalipangwa safu kwa safu, vichwa vyote upande mmoja. Vendula alipiga magoti kwenye la tatu na brashi yake, akafanya kazi asubuhi nzima, kisha akamwita Hynek kwa kidole.

Mwanamke alilala chali. Plau ilikuwa imekwangua bega lake la kulia. Upande wa kushoto wa shingo, pale pale Vendula alipojigusa siku ile sokoni, palikuwa na kifungo cha mviringo chenye majani. Upande wa kulia palikuwa patupu.

"Cha pili kiko kabatini kwangu," Vendula akasema.

Hynek alivua kofia. Alikumbuka alivyokibeba kimechanganyika na sarafu na funguo, alivyokiita takataka. "Nilimvua mimi," akasema.

"Plau ndiyo iliyomvua. Wewe ulichelewa kusema alipo."

Dakta Kubíček alimpa Vendula kazi ya kudumu pale pale ukingoni, wakashikana mikono yenye mchanga. Wasaidizi wakapiga makofi. Hynek alipiga makofi kuliko wote, kisha akasogea kumpongeza.

"Asante kwa msaada wako, Bwana Sedláček," Vendula akamjibu.

Hilo "Bwana Sedláček" lilimsindikiza hadi mjini. Alikuwa ametoa siri yake, amefanya haki, na Vendula amepata kazi yake. Hakuwa na deni tena wala hakuwa na mpenzi, na aliona kwamba hilo la kwanza halikumfariji chochote. Akatengeneza lifti za watu, zikapanda na kushuka.

Oktoba, baada ya mvua ya siku kadhaa, simu iliita akiwa anakunywa chai ya asubuhi.

"Una buti za mvua?" sauti ikauliza, bila salamu.

Chai ilimwagika. "Ninazo."

"Kisu kidogo?"

"Ninacho. Vendula..."

"Usiulize kitu. Kituo cha basi, sasa hivi. Na kwenye simu yako uzime ile inayoonyesha mtu alipo."

Walipanda basi, wakashuka, wakapanda jingine lililokuwa likirudi walikotoka. Vendula alivaa koti la mvua la marehemu baba yake lililomfika magotini, kikapu mkononi, nywele zimefungwa kwa penseli ileile. Hakuzungumza, na Hynek hakuthubutu. Waliingia msituni, wakauzunguka mkondo mmoja wa maji mara mbili. Hynek aliutambua vizuri ule mti uliopigwa radi walipoupita tena, lakini alifunga mdomo. Moyo wake ulikuwa umeanza kuelewa, akili bado ilikuwa inakataa.

Hatimaye Vendula aliinama chini ya tawi la msonobari, akamshikia lipite. Mbele yao palikuwa na uwazi mdogo wenye kuvumwani laini la kijani kama zulia, mwanga umeingia kwa ubavu, na uyoga umesimama kila mahali, vichwa vya kahawia vimelowa, mnene na mwembamba, mkubwa na mdogo, kama watu waliokusanyika wakamngoja mgeni.

"Hapa ni pa bibi," Vendula akasema. "Mama alimleta baba wiki ya harusi. Hajawahi kuletwa mtu mwingine asiye wa kwetu."

"Kwa hiyo mimi..." Hynek akaanza. "Leo ni wiki gani?"

"Hesabu mwenyewe. Si unajifanya fundi?" Machozi yakamtoka, safari hii hakuyakasirikia. "Nilikukasirikia sana, Hynek. Bado nakukasirikia kidogo. Lakini kila nikikumbuka ulivyosimama mbele ya Olda na shati lako la pasi, ukataka kumpa shamba lako bure... Ulikuwa unanipa kitu ambacho nyie hampeani. Nikajiuliza mimi nina nini cha namna hiyo. Nina hapa tu."

Hynek hakuwa na pete. Alipiga magoti kwenye kuvumwani lililolowa, maji yakampenya suruali, akakata uyoga mmoja kwa kisu chake, mzuri kuliko wote, akaufuta udongo kwa mkono wa shati na kumpa kwa mikono miwili.

"Nikuoe basi," akasema. "Sitakuficha tena hata jiwe."

"Ndiyo, mpumbavu wewe. Inuka, unakanyaga chakula."

Alikuwa bado amemkumbatia simu ya Vendula ilipoita. Alikuwa mama yake.

"Mko wapi? Nimepiga kwako hakuna mtu." Kisha Bi Drahomíra akanyamaza. Huenda alisikia kigogota akigonga mti, huenda alisikia maji. "Umempeleka?"

"Nimempeleka, mama."

"Ulimzungusha?"

"Nilimzungusha. Naona amekariri."

"Haya." Wakasikia akipenga kamasi upande wa pili. "Mwambie midogo aiache ikue. Na aje na kikapu kikubwa, nitawakaangia na mayai."

Walijaza kikapu, wakajaza na kofia ya Hynek. Jua lilikuwa limefika juu ya misonobari walipoanza kurudi, mkono kwa mkono, na hapo simu ya Hynek nayo ikaita. Alikuwa Olda.

"We bwana! Kuna mtu kakuona kwenye basi na Vendula mmebeba kikapu. Uyoga umetoka, siyo? Niambie ukweli wako, mko wapi?"

Hynek alimtazama Vendula. Alikuwa na jani la msonobari kwenye nywele na tope puani, amejibana mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika kwa kicheko anachokizuia.

"Lhotka," Hynek akasema. "Nyuma ya kanisa."